Fundi Aliyepima Magari kwa Watu

Kule kwetu mlimani, juu ya Tengeru, bado wapo watu wanaosema kwamba sahani za fundi yule zilikuwa zinakula tairi. Si kweli. Ninajua nani alisababisha tairi ile ipasuke, na kabla sijamaliza nitasema. Lakini nikianza na jambo hilo fundi atageuka kuwa shahidi tu katika kesi ya mtu mwingine, na yeye alikuwa mkubwa kuliko kesi hiyo. Kwa hiyo nianze na yeye.

Sijui alizaliwa mwaka gani, wala ukoo wake. Watu wa mjini walisema ametoka Kondoa, wengine walisema Tabora. Yeye mwenyewe akiulizwa katoka wapi alijibu, "Nimetoka nyumbani, asubuhi." Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya soko la Arusha, upande ule ambao njia ya kwenda Lemara inaanza kupungukiwa na nyumba na kuzidiwa na migomba. Hakuweka kibao cha jina. Aliyetaka kujua kama yupo alisikiliza nyundo.

Magari yaliyoletwa katika nchi yetu siku zile yalikuja na magurudumu membamba, kana kwamba walioyaunda huko kwao Uingereza waliamini dunia nzima imetandikwa lami. Huku kwetu njia ni matope upande mmoja wa mlima, na upande wa pili, kuelekea Oldonyo Sambu, ni vumbi la majivu, jepesi kama unga, ambalo mvua ikilinyeshea linakuwa uji. Tairi nyembamba huzama humo. Kwa hiyo kila mwenye gari, awe Mzungu wa shamba au mzee wa kahawa, alitamani tairi pana. Mtu alizinunua, akazifunga, akaondoka anachekelea. Akifika kwenye kona ya kwanza na kukata usukani, alisikia mkwaruzo: tairi inasugua springi kwa ndani. Hapo ndipo alipokuja kwa fundi, amenuna.

Dawa ya fundi ilikuwa kile alichokiita sahani. Ni kipande cha chuma cha mviringo, unene wake kama kidole gumba, chenye tundu kubwa katikati na matundu ya bolti kuzunguka. Hukaa kati ya gurudumu na kitovu chake, na gurudumu husogea nje. Alizichonga mwenyewe kwa tupa kutoka vyuma vya magari yaliyokufa, na aliweza kukaa siku mbili kwenye sahani moja, akiizungusha mbele ya jicho kama mtu anayeangalia shilingi asiyoiamini. Bolti za zamani alizitupa kando na kutia ndefu zaidi. "Nati ikishika nusu," alisema, "nayo itakuachia nusu ya njia."

Mafundi wengine waliishia hapo. Yeye alisema hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu gurudumu lililosogezwa nje linakutana na adui mwingine: ukingo wa madigadi, lile bati linalofunika gurudumu kwa juu. Alikuwa na maneno yake: "Ukisogeza huku, uliza na huku." Nilipoyasikia mara ya kwanza nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni Uganda, na nilidhani ni methali. Nilimuuliza maana yake katika maisha.

"Maana yake ni gurudumu, msomi," alisema. "Wewe ulitaka iwe nini?"

Nilimpenda tangu siku hiyo, ingawa tulibishana karibu kila mara. Mimi nilikuwa katika umri wa kuuliza kila kitu kwa nini, na yeye alikuwa mtu pekee mjini ambaye hakukasirika. Wazee wa kanisa la kwetu walinijibu kwa aya. Walimu wangu walinijibu kwa kuniambia nisome zaidi. Fundi alijibu swali lile lile nililouliza, basi, akarudi chini ya gari.

Kwa mfano, hakuwa na rula. Kipimo chake kilikuwa sanduku la kiberiti. Kati ya tairi na madigadi, gari likiwa limebeba mzigo wake wote, kiberiti lazima kilale na kipite. Kwa gari la mjini kiberiti kimoja, kwa gari la mlimani viwili, kimoja juu ya kingine.

"Kwa nini kiberiti, Fundi?" nilimuuliza.

"Kwa sababu ninacho."

"Lakini viberiti vya viwanda mbalimbali havilingani."

"Ndiyo maana nina hiki hiki tangu ulipokuwa unanyonya." Akakitoa mfukoni. Kilikuwa tupu, kimefungwa kwa uzi, kimeloa mafuta mpaka kimekuwa cheusi kama ngozi. Sigara yake aliiwasha kwa moto wa fundi viatu wa jirani.

Lakini jambo lililowafanya watu wamcheke, na lililomfanya awe yeye, lilikuwa namna yake ya kupima mzigo. Hakupima gari tupu. Alisema gari tupu ni kama mtu aliyelala: hujui tabia yake. Akishafunga tairi na sahani, alipaka ndani ya madigadi chokaa mbichi, nyeupe, mpaka gari lilionekana kama limekula ugali vibaya. Kisha alisimama barabarani na kuita watu. Aliuliza mwenye gari, "Wewe hubeba wangapi?" Akiambiwa sita, aliita sita. Wauza ndizi, fundi viatu, mwanamke wa Kiarusha aliyeshuka na kibuyu cha maziwa, yeyote aliyekuwa na nafasi. Walipanda wakicheka, na gari likaendeshwa polepole kuvuka mtaro uliokuwa kando ya karakana, kwanza kwa gurudumu la kushoto, kisha la kulia, usukani ukikatwa mpaka mwisho. Gari liliinama, watu wakapiga kelele. Fundi alitembea kando yake ameinama, sikio karibu na gurudumu. Kisha aliangalia chokaa. Palipofutika ndipo alipopagonga nyundo, akaukunja ukingo wa bati kwa ndani taratibu bila kupasua rangi, akapaka tena chokaa, akavusha tena, mpaka chokaa ikatoka nzima na kiberiti kikapita.

Mtaro wenyewe ulikuwa na historia. Bwana mmoja wa afya alikuja akaamuru ufukiwe kwa sababu ya mbu. Fundi aliufukia mbele ya macho yake, kwa adabu zote, akamshukuru kwa kuwajali watu. Kesho yake aliufukua. Walifanya hivyo mara nne au tano, mpaka yule bwana alipopata pikapu ya kazi yenye tairi iliyokwaruza. Tangu hapo mbu walisameheka.

Mimi niliona jambo la watu halina akili. "Tumia magunia ya mchanga," nilimwambia. "Uzito ni uzito. Gunia halitaki kubembelezwa, na halichelewi."

"Gunia halicheki," alijibu.

"Kucheka kunahusu nini?"

"Gari likiinama, gunia hukaa pale ulipoliweka, limenyamaza kama wakili asiyelipwa. Mtu huteleza. Hushika mwenzake. Wote hujikuta upande wa chini, pale pale gari linapozidiwa. Umewahi kuona gunia limeshtuka?"

Niliandika kwenye daftari langu kwamba hoja yake ina ukweli kidogo lakini imetiwa chumvi. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Katika gari la fundi ndipo pekee nilipomwona Mzungu wa shamba amekaa bega kwa bega na wauza ndizi. Alikuja na gari lake la kifahari, akataka tairi pana, akataka upesi. Fundi alipofika kwenye kuita watu, yule bwana alisimama kando na kuwasha kiko.

"Bwana, wewe hukaa ndani ya gari hili?" fundi aliuliza.

"Bila shaka. Ni langu."

"Basi wewe ni mzigo. Panda."

Yule bwana aliangalia huku na huku, akazima kiko, akapanda nyuma, katikati ya mama mmoja wa Kimeru na mkungu wake. Gari lilipoinama mtaroni, mkungu ulimwangukia mapajani, na mama akamwambia, "Pole baba, shika vizuri, ndizi ni za kuuza." Aliushika mpaka mwisho. Mimi nilitaka kuona siasa katika jambo lile, na nilimwambia fundi hivyo baadaye, nikazungumza sana juu ya usawa. Alisema yule bwana alikuwa na uzito mzuri.

Sitaki mtu adhani alikuwa mpole. Alikuwa na matusi, tena ya kupangika, na aliyatoa kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Aliwatukana wanaopenda tairi pana kwa urembo tu. Kwa kweli alizichukia tairi pana zenyewe, ingawa ndizo zilizomlisha. Alisema zinachosha usukani, zinakula beringi, na sahani huongeza maumivu juu ya maumivu. "Tairi nene ni mgeni mnene," alisema. "Usimkaribishe kabla hujapima mlango." Yeye mwenyewe alipanda baiskeli yenye tairi nyembamba kuliko zote mjini, na alipozama kwenye matope alishuka na kuibeba begani. Nilimuuliza kwa nini anawafanyia watu kitu asichokipenda.

"Wakienda kwingine watafanyiwa vibaya," alisema, kisha akaongeza, "na mimi nitalala njaa." Alikuwa hapendi jibu lake libaki zuri sana.

Jambo lingine: hakukosa swala. Katikati ya kazi, gari likiwa juu ya jeki, alijinawisha kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji, akaenda msikitini, hatua kama mia mbili hivi. Siku moja nilimuuliza kama Mungu anahitaji kweli aende saa ile ile kamili.

"Mungu hahitaji. Mimi ndiye ninayehitaji. Tangu asubuhi nainamisha kichwa chini ya magari ya watu. Nataka niinamishe mahali pengine."

Sasa nifike kwenye tairi.

Dada yangu mkubwa aliolewa Oldonyo Sambu, kwa Mwarusha mwenye mahindi na ng'ombe. Boma lao lilikuwa mbali na barabara kuu, ng'ambo ya korongo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa ndani ya korongo lile, pikapu ya Baba ikiwa imezama kwenye majivu yaliyoloa mpaka kwenye ekseli. Mtoto hakulia. Dada alikaa mwaka mzima bila kushuka kuja kwetu, na alipopata mimba tena Baba alikwenda kwenye mnada wa shamba moja akarudi na tairi nne pana. Alizipeleka kwa fundi.

"Safari hii gari lisizame," Baba alimwambia.

"Halitazama, mzee. Je, mtapanda wangapi?"

"Binti yangu, mama mkwe wake, mume wake, mkunga, na wanawake wa kumshika. Na huyu wa kuendesha." Alinionyesha mimi. "Jumla wanane."

"Nitalipima kwa wanane."

Nilibaki mjini kungoja gari, Baba akapanda kurudi nyumbani. Fundi alifanya kazi siku tatu. Ijumaa kabla ya adhuhuri alikuwa ameshamaliza sahani na bolti, amekata usukani mpaka mwisho, amepaka chokaa. Kilichobaki kilikuwa watu, mtaro na nyundo. Alinawa.

"Nipe saa moja," alisema. "Nitarudi na watu kutoka msikitini, wamejaa baraka na wali. Usiliguse. Zimeingia, lakini kuingia si kukaa."

Hakuwa ameondoka hata robo saa, dereva wa lori la maziwa akasimama, akaniita kwa jina la Baba, akanipa habari kutoka bomani. Uchungu ulikuwa umemwanza dada tangu alfajiri.

Nikisema niliondoka kwa sababu ya dada yangu nitakuwa nimesema nusu ya kweli. Msikiti ulikuwa hatua mia mbili. Ningeweza kusimama mlangoni, na fundi angetoka, na watu wangetoka naye. Nusu ya pili ni kwamba nilikuwa na rula mfukoni. Nilipima nafasi kati ya tairi na madigadi: inchi moja na robo. Nilikadiria uzito wa watu wanane, nikabonyeza springi kwa mguu, nikapiga hesabu kwenye daftari. Gari lingeshuka inchi moja, au pungufu. Ilibaki robo inchi. Nilifurahi. Nilitaka kwenda na kurudi, kisha nimwambie fundi kwamba watu wake wote wanane wanaweza kuandikwa katika mstari mmoja.

Fundi viatu aliinua kichwa. "Msomi, mngoje mwenyewe."

"Nimepima."

"Umepima na nani?"

Nilichovya kidole kwenye kopo la chokaa, nikaandika ndani ya mlango wa kibanda: NIMEPIMA. INATOSHA. Nikaondoka.

Tairi zilifanya kazi yake. Hilo lazima liandikwe. Zilipita juu ya majivu yale bila kuzama hata kidogo, na nilipovuka korongo kwenda bomani niliimba. Tulimpakia dada nyuma kwenye godoro, wanawake wamemzunguka, mume wake karibu nami. Tulipoteremka korongoni mara ya pili, gurudumu la kushoto likaingia kwenye ufa, gari likainama. Wanawake waliteleza wote upande wa chini, wakamshika dada, wakashikana. Nilisikia mkwaruzo mrefu. Nilikata usukani, nikaongeza moto ili tutoke.

"Ni nini kinachonuka?" dada aliuliza, kwa sauti ya utulivu kabisa.

Ulikuwa mpira. Kisha tairi ya nyuma ikapasuka.

Nilihesabu gari likishuka, sikuhesabu gari likiinama. Hata mtoto anayeshika sahani ya uji anajua tofauti hiyo.

Dada alikuwa ndani ya korongo lile lile. Mama mkwe wake hakunitazama. Alisema, "Ngozi," na mume wa dada alikimbia bomani akarudi na ngozi ya ng'ombe. Wanawake walimlaza juu yake, wakaibeba kwa pembe zake, wakaenda nayo mpaka barabara kuu, wakipokezana, na huko walipata lori lililokuwa likiteremsha ng'ombe mjini. Jioni, hospitalini, msichana alizaliwa na akalia. Mimi nilifika baadaye na gari lililoinama, maana tairi ya akiba ilikuwa ile nyembamba ya zamani.

Jumapili, nje ya kanisa, wazee walimpa Baba mkono. Walimuuliza ilikuwaje. Baba alisema, "Sahani za yule fundi zimekula tairi yangu." Wazee walitikisa vichwa. Mmoja akasema, "Sikusema mimi? Mtu anayepaka magari chokaa kama mganga!" Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshika kitabu cha nyimbo. Kila mmoja wao alikuwa na gari, au alikuwa na mpango wa kupata gari. Mtoto alikuwa mzima, mama yake mzima, na mimi ndiye mtoto wa kwanza wa usharika wetu kwenda chuo kikuu. Nilifungua kitabu cha nyimbo nikatafuta namba ambayo hakuna aliyeitaja.

Neno hilo lilipanda mlima na kuteremka. Msimu wa kahawa uliofuata hakuna pikapu ya Mmeru iliyokwenda nyuma ya soko. Nilipokuja likizo nilipita pale, na niliona baiskeli. Aliziba pancha. Vile vyuma vya sahani alivipanga ukutani, vikaanza kutu. Kila nilipopita alisema yale yale: "Msomi, hujambo? Na mtoto yule hajambo?" Nilijibu hajambo, nikatafuta sababu ya kuondoka. Nilijiambia hajui. Nilijenga hoja nzuri kabisa ya kuthibitisha kwamba hajui. Maneno yangu mlangoni sikuyaangalia, na sikujiuliza kwa nini sikuyaangalia.

Mara ya mwisho nilipomkuta kazini ilikuwa miaka mitatu baada ya korongo. Nilikuwa nimemaliza chuo. Asubuhi nilikuwa nimemshika mkono mtoto wa dada akinionyesha jinsi anavyoruka mtaro wa nyumbani kwetu, na mchana nilijikuta nyuma ya soko. Pikapu ilikuwa pale, madigadi nyeupe kwa chokaa. Ilikuwa ya mwenye duka wa Tengeru, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kutoka mlimani kwa muda wote ule, kwa sababu mafundi wengine wote walikuwa wamemtaka angoje wiki mbili. Nyuma walikuwa wamekaa wanawake wa kwetu waliotoka sokoni, na fundi viatu.

"Saba," fundi alikuwa akisema. Magoti yake yalikuwa yamechoka, alipiga magoti juu ya gunia. "Bado mmoja."

"Fundi, nina haraka," mwenye duka alisema. "Nimepima mwenyewe. Inatosha."

Fundi hakugeuka. Alinyoosha kidole kwenye mlango wa kibanda. "Soma pale."

Mwandiko wangu ulikuwa bado upo. Chokaa mpya ilikuwa imepitishwa juu ya ile ya zamani, herufi kwa herufi, na mtu aliyeifuata kama anavyofuata mchoro bila kuusoma, maana fundi alisoma Kiarabu tu; maneno yenyewe lazima alisomewa na fundi viatu.

"Nimepima, inatosha," mwenye duka alisoma. "Nani huyu?"

"Mtu."

"Akafanyaje?"

"Akaenda." Kisha akaniona. Nilimpa shikamoo. "Marahaba, msomi. Panda, umekuwa wa nane."

"Huyu?" mama mmoja akacheka. "Fundi, huyu ni nusu mtu. Vitabu vimemla nyama yote. Tafuta mwingine!"

"Atatosha. Panda."

Nilipanda. Mwenye duka alishika usukani, akanung'unika dirishani, "Mradi tu sahani zako zisinilie tairi kama zilivyomlia mzee mmoja wa kanisani kwetu." Wote walikuwa wanaijua habari ile. Fundi alikuwa ameinama kando ya gurudumu, sikio lake limeelekea chini.

Gari liliingia mtaroni, likainama, sote tukateleza upande mmoja.

"Sahani hazikula tairi," nilisema.

"Nani anaongea?" fundi aliuliza kutoka chini.

"Mimi, Fundi."

"Ongea kwa sauti. Wa mbele hawasikii. Na egemea, usijizuie, unaniharibia kipimo."

Niliegemea. Niliongea kwa sauti. Nilisimulia Ijumaa ile, rula, msikiti hatua mia mbili, korongo, na kitabu cha nyimbo. Nilisema mwandiko ule mlangoni ni wangu. Fundi viatu alikuwa akitikisa kichwa kila sehemu, kama mtu anayehakikisha wimbo haukosewi. Yule mama aliyenicheka hakucheka. Alisema, "Na mzee wa watu amekaa na baiskeli miaka yote hii."

Gari lilitoka mtaroni. Fundi aliangalia chokaa, akagonga mahali pamoja, akapaka, akavusha tena. Kiberiti kile cheusi kikapita, kwanza chenyewe, kisha kimeinuliwa kwa kipande cha ubao cha unene ule ule.

"Wewe shuka," aliniambia. "Wengine kaeni."

Nilishuka. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Ulijua?"

"Baba yako aliniletea ile tairi kunionyesha. Kovu lake lilikuwa pale pale inapokutana na ukingo wa madigadi ya kushoto, bati ambalo nyundo yangu ilikuwa haijalifikia. Kwa nini nisijue?"

"Kwa nini hukusema?"

"Kila fundi duniani husema kosa ni la dereva," alijibu. "Nani angeniamini? Hata mimi nisingeniamini." Alijiinua akishika mlango wa gari, na uso wake haukuwa wa mtu aliyesamehe, wala wa mtu aliyekasirika. Ulikuwa uso wa mtu aliyesubiri gari liletwe. "Miaka mitatu pancha, msomi. Baiskeli haina hata mahali pa kuweka sikio."

Nilichukua kitambaa nikaenda mlangoni nifute.

"Acha," alisema. "Usifute. Ongeza jina."

Nikachovya kidole kwenye chokaa. Niliandika jina langu chini ya maneno yale, na jina la Baba, kwa herufi kubwa, mbele ya watu saba waliokaa garini wakinyoosha shingo. Fundi alisogea karibu, akalitazama kwa muda mrefu lile asiloweza kulisoma, kisha akamgeukia mwenye duka.

"Hebu soma wewe. Kaandika lake au langu?"

Mwenye duka alitoa kichwa dirishani, akasoma pole pole. "Lake."

Fundi alitia kiberiti mfukoni.

"Haya, shukeni," aliwaambia. "Gari limesema."